Mkanda na Upinde

Kituo cha kusafishia maji kilikuwa na mabwawa matatu, mainjinia wawili na nyasi zisizokuwa na mwisho. Mabwawa yalikuwa na watu wa kuyaangalia, mainjinia walijiangalia wenyewe, na nyasi alikabidhiwa Mama Breki.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na vijana wa pampu wiki aliyopanda mashine ya kukatia nyasi kwa mara ya kwanza na kuiendesha kwa mwendo ambao, kwa madai yao, konokono alimpigia honi apishwe. Hakukasirika. Alikuwa mwoga, alijua kwamba ni mwoga, na hakuona faida ya kuficha jambo lililoonekana hata kutoka barabarani.

Mashine yenyewe haikuwa na usukani. Ilikuwa na vishikio viwili, kimoja kwa kila mkono. Ukivisukuma vyote mbele, inakwenda, ukivivuta, inarudi, ukisukuma kimoja na kuvuta kingine, inajizungusha palepale kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha ufunguo ndani. Kazi yote ilifanywa na magurudumu makubwa ya nyuma. Yale madogo ya mbele yalifuata tu, yakigeukageuka kama ya kiti cha ofisini.

"Sasa sikiliza, mama," fundi alimwambia siku ya kumfundisha. "Haya ya nyuma ndiyo mwendo, ndiyo kona, ndiyo breki. Yakiteleza kwenye mteremko, huna mwendo, huna kona, huna breki."

"Nitakuwa na nini sasa?"

Fundi alifikiri kidogo. "Utakuwa na kiti," alisema.

Kisha akamwonyesha upinde wa chuma nyuma ya kiti, mrefu kupita kichwa cha mtu aliyekaa, uliosimamishwa kwa pini mbili. Upinde ukiwa juu, funga mkanda: mashine ikipinduka, upinde unabeba uzito na mkanda unakubakiza ndani ya himaya ya upinde. Upinde ukikunjwa, usifunge mkanda, maana hapo utakuwa umejifunga kwenye kitu kinachokuja kukulalia.

"Na bora zaidi," fundi alimalizia, "usiukunje kabisa. Na bora kuliko yote, usipinduke."

Fundi huyu hakuwa ameileta mashine. Alikuwa ameitwa kuifufua, kwa sababu ilikuwa imetoka kuopolewa kwenye bwawa la pili. Aliyeitumbukiza alikuwa shemeji yake Mama Breki, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye ndiye aliyeiendesha kabla yake. Siku hiyo upinde alikuwa ameukunja kwa sababu ulikuwa unagonga matawi ya miti ya karibu na ofisi, na mkanda hakuufunga kwa sababu hakuwahi kuufunga. Mashine iliteleza kwenye ukingo, ikageuka miguu juu, yeye ikamtupa pembeni kama ganda la ndizi. Alitoka na mguu mmoja uliopoteza heshima kwa mwenzake. Uongozi ukampa kiti getini, na kiti hicho hakikuwa na magurudumu.

Tangu hapo alikuwa na hadithi, na geti likampa wasikilizaji. Hakuna dereva wa gari la dawa za maji aliyeruhusiwa kuingia kabla ya kuisikia.

"Mkanda ungeniua," alisema akigonga dirisha la gari. "Ningefunga mkanda, leo mngekuwa mnakuja kunisomea risala."

Na kila asubuhi, Mama Breki alipopita na kikapu chake cha chakula, alimwambia vilevile, kwa upole wa mtu anayewatakia mema watoto wa mdogo wake: "Shemeji, usifunge ule mkanda. Mimi nimetoka kule. Fundi hajatoka kule."

Hapo ndipo ilipokuwa shida yake. Fundi alikuwa na maelezo mazuri, lakini hakuwahi kuanguka. Shemeji alikuwa ameanguka, na alikuwa hai, na alikuwa hapo amekaa akinywa chai. Kati ya maelezo mazuri na mtu anayekunywa chai, roho inaegemea chai.

Usiku alimweleza mumewe, fundi cherehani, mtu aliyepima kila jambo la dunia kwa sentimita.

"Mkanda?" mumewe alisema, pini zikiwa mdomoni. "Mimi nimeshona mikanda maisha yangu yote. Haujawahi kurudishwa hata mmoja kwamba umeua mtu."

"Baba watoto, mimi sitanii."

"Kaka yangu angekuwa na akili ya kuendesha ile mashine, angekuwa bado anaiendesha." Akatoa pini moja, akaitazama kwenye mwanga. "Fanya alivyosema fundi. Na usiende kule kwenye ukingo."

Ushauri wa mwisho ulikuwa mzuri, na kwa miezi mingi aliufuata bila kuambiwa mara mbili. Alikata tambarare. Chini ya matawi hakwenda na mashine. Alishuka akafyeka kwa mkono, upinde ukabaki juu. Hofu yake ilimfanya awe na adabu ambayo watu wengine huitafuta kwenye semina. Kila asubuhi alipima upepo wa magurudumu mawili ya nyuma, kwa sababu gurudumu moja likilegea mashine inavuta upande huo. Oili aliitazama injini ikiwa baridi. Petroli hakumimina mpaka injini ipoe, hata kama vijana wa pampu walimwimbia nyimbo za harusi wakati akisubiri. Na kabla ya kuingiza mkono kwenye visu, alizima, akachomoa ufunguo, akang'oa waya wa plagi, akaugeuzia mbali, kisha akakwangua majani yaliyoganda kwa kijiti, siyo kwa vidole.

"Mama Breki, injini imezimwa tangu jana!" walimpigia kelele. "Unaogopa itafufuka?"

"Ilifufuka ikitoka bwawani," alijibu. "Mimi nilikuwepo."

Nyasi za ukingo wa bwawa la pili zilifyekwa kwa mkono na vibarua. Kisha vibarua wakapunguzwa, nyasi zikarefuka, na barua ikaja kwamba wageni kutoka makao makuu watatembelea kituo. Msimamizi, mama mmoja mwenye viatu visivyopenda udongo, akamwita Mama Breki hadi juu ya ukingo na kumwonyesha mteremko kwa kalamu.

"Hapa pakatwe leo."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Juu ya ukingo palikuwa pamekauka na jua liliwaka kwa imani kubwa, lakini Mama Breki aliinama, akasukuma vidole kwenye shina la nyasi, vikatoka vimelowa.

"Bosi, chini bado ni maji."

"Mimi naona pamekauka."

"Kwa juu pamekauka. Magurudumu hayakanyagi juu. Na hata pangekauka, huu mteremko si wa ile mashine. Fundi alisema, karibu na maji, isifike."

Msimamizi alitazama saa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wageni. "Mashine ilinunuliwa ili ikate nyasi," alisema. "Kama wewe huwezi, niambie sasa hivi. Wako vijana wa pampu wanaililia kila siku."

Mama Breki aliwafahamu vijana wa pampu. Aliona sura zao, moja moja, zikiteremka kwenye maji yale yaliyozidi urefu wa watu wawili. Angeweza kusema hawezi. Angeweza kurudi nyumbani na kumwambia mumewe kwamba sasa watategemea cherehani peke yake. Badala yake aliomba jambo moja.

"Ukanda wa chini kabisa, ule wa pembeni ya mawe, niuache."

"Utaukata mwisho," alisema msimamizi, akaondoka kwa uangalifu kwenye tope ambalo halikuwepo.

Mama Breki alivuta pini za upinde, akahakikisha zimekaa. Akakaa kwenye kiti. Mkanda aliushika mkononi kwa muda mrefu kiasi kwamba ulipata joto. Kulia kwake, kwa mbali, aliliona geti, na mtu aliyekuwa hai bila mkanda. Akaufunga. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu lilikuwa jambo moja zaidi la kufanya kabla ya kuondoka.

Alianza kwa juu kabisa, sambamba na maji, mwendo wa konokono yuleyule. Mstari wa kwanza ukapita. Alikuwa akihesabu pumzi zake na kuzikosea. Wa pili ukapita, na kwenye kona aligeuzia upande wa mlima, polepole, kama anageuza sufuria iliyojaa mafuta ya moto. Jasho lilimwingia machoni na hakuthubutu kulifuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Kwenye wa tatu, pua ya mashine ilianza kushuka.

Hakuiamuru. Magurudumu madogo ya mbele yaligeuka tu, kwa utulivu, kuelekea yalikotaka kwenda tangu zamani. Alivuta vishikio kidogo kidogo, asiyashtue magurudumu. Magurudumu ya nyuma yalisimama kabisa, na mashine ikaendelea kwenda. Hicho ndicho kilichomtisha kuliko yote: kwamba alikuwa amesimama na anakwenda. Visu alivizima, na bado alikuwa anashuka, mshazari, kimyakimya, kama droo inayofunguka yenyewe. Sasa alikuwa na kiti.

Nyasi ndefu za ukanda wa chini, zile alizoomba aziache, zikajifunga kwenye magurudumu. Mashine ikasita, ikainama upande wa maji, ikafikiri, ikasimama. Gurudumu moja dogo lilikuwa limeegemea jiwe la mwisho. Baada ya jiwe hilo kulikuwa na anga, nayo ilikuwa ndani ya maji.

Alizima injini. Akafunga breki ya mkono. Hapo mikono yake ikaishiwa na mawazo. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe cha mkanda, na kichwani watu wawili walikuwa wanagombana. Ukiwa umefunga, ikiingia, utazama nayo. Ukifungua, ikipinduka, itakulalia.

"Shemeji!" sauti ilitoka juu, nyuma yake. Mlinzi wa geti alikuwa amesikia injini ikinyamaza mahali isipotakiwa kunyamaza.

"Abee!"

"Umekaa?"

"Nimekaa!"

"Haya. Nakuja."

Hakuja. Alimsikia akihema. Tangu siku yake ya bwawani hakuwahi kupita ofisi kuja upande huu. Hata chai ya msimamizi aliipokelea getini.

"Shemeji, unakuja?"

"Si nimesema nakuja!"

"Nifungue mkanda?"

"Usifungue!" Sauti ilipasuka kiasi kwamba bata waliokuwa upande wa pili wa bwawa waliruka. "Usiuguse huo mkanda, wewe! Ukiufungua nitakuua mwenyewe!"

Kisha akasikia kitu kikikwaruza. Alikuwa anateremka kwa makalio, mzee mzima na sare yake, mguu mbovu umetangulia, na begani amebeba kamba ya kunyanyulia kizuizi cha geti. Alikuwa akitetemeka kiasi kwamba nyasi zilitetemeka naye. Upande mmoja wa kamba alikuwa ameufunga kwenye nguzo ya taa juu ya ukingo. Wa pili akauzungushia chuma cha fremu nyuma ya mashine, akakaza, akakaza tena, na tena, mpaka fundo likawa kubwa kuliko ngumi.

"Sasa," alisema. "Fungua. Shukia huku juu. Usishukie upande wa maji, usitazame upande wa maji."

Alishuka. Walikaa pamoja kwenye nyasi zilizolowa.

"Geti nani analo?" aliuliza Mama Breki.

"Liko wazi," alisema mlinzi. "Waingie wanaotaka."

Mashine ilivutwa na gari la kituo alasiri hiyo. Msimamizi alikuja, akatazama alama mbili ndefu za magurudumu zilizoteremka hadi kwenye jiwe, akazitazama kwa muda ambao kwa kawaida alizipa ripoti tu. Kalamu ilikuwa mkononi lakini hakuonyesha kitu nayo.

"Kazi iacheni hapo ilipofikia," alisema.

Wageni walipokuja walipita juu ya ukingo wakiwa wamevaa kofia ngumu. Mmoja wao, aliyeonekana msomi kupita wenzake, alisimama mbele ya mteremko wenye mistari miwili iliyokatwa na nyasi ndefu zilizobaki mpaka majini. Akauliza kama hizo zimeachwa makusudi ili kuzuia udongo usiingie bwawani.

"Ni mpango wetu," alisema msimamizi bila kupepesa jicho.

Mpango huo ukaandikwa kwenye ripoti na kituo kikapongezwa. Tangu hapo mashine haikukanyaga ukingo, na agizo hilo lina mhuri.

Hofu ya Mama Breki haikuisha. Bado akifika mahali ambapo bwawa la pili linaonekana, vidole vinakaza kwenye vishikio na mwendo unashuka kutoka wa konokono kwenda wa jiwe. Vijana wa pampu bado wanampigia honi kwa midomo. Na kila asubuhi, kabla hajawasha, shemeji yake anachechemea kutoka getini hadi bandani bila salamu. Anavuta pini moja ya upinde, anavuta ya pili, anaushika mkanda uliofungwa na kuupima kwa mkono kama mtu anayejaribu kamba ya ndoo ya kisima. Akiridhika, anarudi kwenye kiti chake, anagonga dirisha la gari la kwanza, na kuanza kumweleza dereva jinsi mkanda ulivyokaribia kumuua.