Mkono Usio na Hina

Wifi yangu Bimdogo, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa mkunga wa Mji wa Kale kwa miaka ishirini na sita. Wapo wanaosema hadi leo kwamba aliingia majumbani kunusa siri za watu. Mimi nimeishi naye nyumba moja na kula naye sinia moja, na siri ya mtu sikuipata kwake. Hata kisa hiki nilipewa na mama mwenye nyumba kilikotokea, naye ameniruhusu nikiandike mradi nisitaje nyumba. Mkaza mwana wake, yaani mke wa mwanawe, nitamwita Jawahir, ingawa silo jina lake.

Mwaka 1964 Jawahir alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa amekufa, wa pili aliishi siku tisa. Sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mavyaa yake, mama wa mumewe, alishikilia kuwa ni kijicho cha majirani. Bimdogo alishuku kaswende, ugonjwa unaoweza kujificha katika damu ya mama bila dalili yoyote, ukamfikia mtoto tumboni. Kliniki alikofanya kazi ilipima damu ya kila mja mzito, na penisilini ya kuutibu ilikuwapo. Shida ilikuwa jina la ugonjwa. Wanawake wa majumba makubwa waliliona jina la watu wa bandarini, na kwao kupimwa kulikuwa sawa na kukiri.

Bimdogo alimsihi mavyaa yule wiki tatu, hata akakubali kumleta Jawahir Jumanne. Jumanne akaja mwanamke aliyejifunika buibui gubigubi, kadi ya Jawahir mkononi. Akanyoosha mkono, akatolewa damu, akaenda zake bila neno. Majibu yakaja: damu safi.

Bimdogo alikwenda mwenyewe kupeleka habari njema. Jawahir akamletea kahawa, na alipomnyooshea kikombe mikono ya kanzu ikapanda. Hina ilimfika kiwikoni, maua kwa maua, imeanza kufifia. Ilikuwa ya harusi ya mwanzo wa mwezi, kabla ya Jumanne ile. Na mkono uliotolewa damu haukuwa na hata doa la hina.

Bimdogo akainywa kahawa hadi Jawahir alipotoka. Alipobaki na mavyaa, aliisifu hina ya mkaza mwana wake, kisha akauliza ile ya Jumanne ilifutwa kwa sabuni gani.

"Bimdogo, nyumba hii ina jina."

"Najua, mama. Nami nataka iwe na mtoto wa kulichukua."

Aliyetumwa alikuwa Mbeyu, dobi wao. Alipoitwa hakuinamisha kichwa, bali alitaka kujua majibu yake. Akaambiwa ni mzima.

"Basi humu ndani ni mimi peke yangu ninayejijua," akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Mavyaa akacheka asipende. Kisha akafunga mlango wa chumba kwa mkono wake, na Jawahir akatolewa damu palepale kitandani.

Safari hii ugonjwa ulionekana. Jawahir alidungwa sindano tatu, moja kila wiki, na mumewe vilevile, maana kutibu mmoja ni kazi bure. Mume alikuwa karani wa ghala Shimanzi. Wiki zile alichechemea, akawaambia wenzake ameteleza ngazini. Nani alimpa nani ugonjwa, hakuna aliyeuliza. Bimdogo alilipiga marufuku swali hilo tangu siku ya kwanza.

Akazaliwa mtoto wa kike, ratili saba na nusu, ngozi safi, na sauti iliyosikika hadi barazani. Siku ya tisa mavyaa alishinda mlangoni pa chumba bila kula. Ya kumi akapika pilau ya mtaa mzima.

Baada ya arobaini alifika kliniki mchana kweupe, uso wazi, akimwongoza mke wa mwanawe wa pili, mja mzito wa miezi mitatu. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Akaukunja mkono wa kanzu ya msichana hadi kiwikoni.

"Itazame hina vizuri, Bimdogo. Usije ukasema nimekuletea dobi."

Wanawake wakacheka bila kujua wanachekea nini. Lakini wote walimjua mama yule na nyumba yake, na mmoja mmoja, wakingali wakicheka, wakaanza kukunja mikono ya kanzu zao.