Shangazi na Wasusi wa Kenyatta Market

Kazi yangu ni kutafsiri, katika ofisi ndogo pale Hurlingham. Wiki ile nilikuwa na kijitabu cha walezi wa watoto, na kitenzi kimoja cha Kiingereza, coax, kikanisumbua. Anayeshawishi huja na hoja zake. Anayebembeleza ana huruma, ndiyo maana mtoto hubembelezwa alale. Lakini coax ni kumvuta mtu taratibu, kwa maneno matamu, mpaka afanye alichokataa, kama mtoto anavyolishwa uji asioutaka kijiko kwa kijiko. Kiswahili kina neno hilo: kurairai. Mimi silipendi. Anayenirairai ana lake jambo, na tangu nimwache mume wangu, kila anayeniita mpenzi namtazama mikono kwanza.

Kwa hiyo shangazi yangu, dada ya baba, aliponipigia simu kwamba amefika mjini kutoka magharibi mwa nchi na anataka nisukwe Kenyatta Market, yeye atalipa, nilishuku. Huyu ni mtu wa kubania hata chumvi. Lakini kwetu shangazi haambiwi hapana, nikaenda.

Wasusi wa pale hukuvamia watatu au wanne kwa pamoja, kila mmoja na upande wake wa kichwa. Ukishakaa umekaa, utaondokaje na nusu kichwa? Shangazi alilijua hilo. Alingoja vidole vizame kwenye nywele zangu, ndipo akavuta kiti.

Mtaka cha mvunguni huinama, na shangazi aliinama haswa. Akaniletea soda, akasifu ngozi yangu, akaulizia kazi. Kisha akashuka polepole: nyumba bila mwanamume ina baridi, mume wangu amekonda, siku hizi ameokoka, analia kanisani. Hakutamka "rudi" hata mara moja. Mwenye kurairai hukuachia neno hilo ulitamke mwenyewe, baadaye akuambie ulitaka mwenyewe. Nilikasirika. Mkono ambao mume huyo alinivunja bado huniuma kukiwa na baridi, na shangazi alijua.

Simu yake ililia, akaizima haraka mno.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Akatazama chini. "Ako hapo kwa nyama choma. Anangoja tu tumalize."

Vidole vya wasusi havikusimama. Nikamwuliza kama yeye pia alirudishwa hivi, maana nilisikia utotoni kwamba aliwahi kuikimbia ndoa yake.

"Mimi nilichinjiwa kuku," akasema. "Shangazi yangu akaniongelesha vizuri, nikarudi. Hizi meno za mbele bwana alinitoa baadaye, kwa ngumi."

Hata hapo nilihisi ni chambo kingine. Lakini aliinuka, akawalipa wasusi, akawaambia waniache, akanishika mkono. Tukatokea lango la nyuma, kila upande wa kichwa changu umesukwa nusu, nywele zilizobaki zimesimama wima. Watu walitutazama. Nami niligeukageuka njia nzima, nikihofu ananipeleka kwa mume wangu kwa mzunguko.

Tulipofika barabarani aliniachia mkono.

"Nikikupigia tena juu ya hii maneno," akasema, "usishike simu."

Kisha akarudi sokoni peke yake, kumwambia mume wangu kwamba ni yeye, shangazi, aliyenikataza kurudi.