Vigelegele vilivyojaza kanda: kwa nini mix zangu zote napitisha kwenye plugin ya tape

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Ilianza Jumamosi, saa nane mchana, likizo ya Agosti 1993, Kisumu. Nasoma kutoka shajara yangu ya Form Two, na pale nilipolia nitasema nililia.

Juzi mmoja wenu aliniuliza kwa nini napenda plugin, yaani programu za kompyuta, za kuigiza sauti ya kanda za zamani. Jibu ni hili. Refu kidogo, vumilieni.

Kwaya yetu ya kanisa pale Obunga ilitaka kurekodi wimbo upelekwe Nairobi, kwenye kipindi cha kwaya redioni. Mwalimu Odera, kiongozi wetu, akanichagua mimi niimbe ubeti wa kwanza peke yangu.

Mimi! Msichana ambaye hata dukani nilikuwa nanunua kwa kuonyesha kidole.

Mama Rosa, ambaye binti yake alikuwa na koo la kuitia watu ng'ambo ya ziwa, hakufurahi.

"Mwalimu, huyu Atieno sauti yake ni ya mbu. Redio itamsikia wapi?"

"Tutasikiliza kanda," Mwalimu akasema. "Ikitoka mbaya, haiendi Nairobi, na kuanzia kesho Rosa ndiye anaongoza."

Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka la redio la Bwana Kirit, mjini. Magodoro ukutani, maiki moja, na deck ya kaseti yenye sindano mbili za kuonyesha ukubwa wa sauti.

Nikaimba kidogo ajaribu mitambo. Sindano hazikusogea.

"Dada, leo umekula?" akaniuliza.

Watu wakacheka. Nilitamani sakafu inimeze.

Akanisogeza mpaka mdomo unakaribia kugusa maiki, kwaya akaisukuma nyuma mlangoni, halafu akapandisha level ya kurekodia juu sana ndipo nikasikika. Tukajaribu mara mbili. Safi kabisa.

Lakini wakuu, nani anapiga vigelegele kwenye mazoezi?

Tuliporekodi sasa, nilifumba macho nikaimba. Nikamaliza ubeti. Kina mama wakasahau tuko studio, wakaachilia vigelegele kama bibi harusi ameingia. Na aliyeanza, amini usiamini, ni Mama Rosa.

Sindano zikaruka kwenye red, alama ya sauti kupita kiasi, zikalala huko huko. Kwaya nzima ikaingia kwa nguvu. Bwana Kirit anapunga mikono, hakuna anayemwona.

Tulipomaliza tu, stima ikapotea.

Hakuna kurudia. Basi ya Mwalimu ya Nairobi ilikuwa inaondoka jioni ile.

"Mama zangu," Bwana Kirit akasema, "hapo nafikiri mmeniharibia kanda."

"Si sisi," Mama Rosa akajibu. "Kama huyu angekuwa na sauti ya mtu, ungepandisha level hivyo?"

Macho yote kwangu. Niligeukia ukuta nikalia. Niliogopa nitarudishwa nyuma, mahali ambapo hakuna anayejua kama naimba au nachezesha midomo tu.

Bwana Kirit akaweka kaseti kwenye redio ya betri.

Nikajisikia. Niko karibu, kama naongea na mtu tumekaa kochi moja. Halafu vigelegele. Nikakaza meno nikingoja mlio wa kupasuka. Haukuja! Kanda ilikuwa imezibana zile kelele, ikazilainisha, kwaya ikawa nene na ya joto, na haikunifunika.

Bwana Kirit akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Imejaa, lakini imejaa vizuri," akasema. "Mwalimu, chukua uende."

Mama Rosa akanitazama. "Huyu mbu amekula nini?"

Mwalimu akatia kaseti mfukoni, akafunga kifungo. Nikakaa chini pale pale nikicheka na machozi bado yanatoka.

Sasa somo. Kompyuta ikijaa inakata sauti kama kisu. Kanda ikijaa kiasi, inabana pole pole. Ndicho plugin inachoiga. Mimi naweka kwenye group ya vocals, yaani waimbaji wote pamoja, naongeza input, sauti inayoingia, mpaka zile kelele kali zilainike, halafu napunguza output, inayotoka, ilingane na mwanzo, maana sauti ikiwa kubwa tu sikio linadanganyika. Na kama ulirekodi ikapasuka tangu mwanzo, plugin haitakuokoa.

Nyinyi mnatumiaje? Wanaosema tape ni ushamba pia karibuni, nitajibu wote.

EDIT: Wengi mnauliza kesho yake ilikuwaje.

Jumapili asubuhi Mwalimu alikuwa hayupo. Mzee wa kanisa akauliza nani anaanzisha wimbo. Mama Rosa akanigusa na kiwiko: "Anzisha, nyathina, mtoto wangu."

Nikaanzisha, chini chini, na kanisa zima likanyamaza linisikie.