Bibi Niliyemficha Mgeni

Mgeni alishuka Karatu na kaunta buku kwapani, akasema babu yangu na babu yake walikuwa ndugu wa baba mmoja, mtu wa Korogwe, kando ya mto Pangani, wa zama za misafara ya pembe za ndovu. Alikuwa anakusanya nasaba. Nikajiambia, huyu amefuata ardhi.

Tangu mahoteli ya watalii yaanze kutafuta viwanja, ndugu huku wanachipuka kama magugu baada ya mvua. Nami nina shamba Endabash, la mahindi na mbaazi, lisilo na hati. Babu, aliyepanda huku akichuuza vitambaa na chumvi, alilifyeka pamoja na mke wake wa pili, Mwiraqw aliyesilimu siku ya ndoa. Huyo ndiye mama wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Shamba lake ndilo lililosomesha wanangu, na uzeeni sina kingine.

Mgeni akakaa dukani kwangu, akanywa chai yangu, akauliza kwa adabu iliyozidi kunitia wasiwasi. Mtu mwenye haja ndogo hana adabu kubwa namna ile.

"Dada, babu alioa wangapi huku?"

"Mmoja. Wa hapa hapa mjini." Nikamtaja bi mkubwa, mke mwenza wa bibi, aliyekufa bila mtoto.

"Na marehemu baba yako ni wa huyo?"

"Wa huyo huyo."

Akaandika. Nilifurahi, sikufichi. Pasipo mke wa Endabash, hapana shamba la Endabash.

Wiki iliyofuata akaomba tusome hitma nyumbani kwangu. "Wale wa mtoni tumeshawasomea," akasema. "Wamebaki wa huku." Nikakubali huku nikimchunga, nikidhani anajitafutia mashahidi.

Siku yenyewe wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake uani tukipakua pilau, dirisha likiwa wazi. Kumbe lile daftari la mgeni lilikuwa la hitma hiyo. Shehe alisoma majina yaliyomo, moja baada ya jingine, ili waombewe: yule baba wa Korogwe, wanawe, babu yangu akiwemo. Kisha bi mkubwa. Kisha baba yangu, mwana wa bi mkubwa. Nilingoja jina la bibi nikijua fika kwamba halimo, na moyo uliniuma vibaya. Bibi alimtekea maji mwanamke yule miaka na miaka, naye hakuwahi hata kumwitikia salamu.

Ningeweza kusogea dirishani nikasema kuna jina limesahaulika. Lakini mgeni angeuliza ni nani, na wa wapi, mbele ya watu wote. Hata hapo nilikuwa bado namshuku.

Jirani yangu wa siku nyingi akaniinamia. "Mbona sijamsikia bibi yako?"

"Ametajwa," nikamwambia. "Wewe tu hukusikia."

Shehe akamaliza dua, nami nikaitikia amina pamoja na wengine.