Harufu ya Teluri

Mama ndiye aliyeinusa kwanza. Nilikuwa nimefika nyumbani Kibirichia kutoka Embu, nilikokuwa nikisomea shahada ya pili ya fizikia, binti yangu mchanga mgongoni. Nilipomwinamia Mama kumwamkia, akarudisha uso nyuma.

“Mbona umekula kitunguu saumu kingi hivyo?” akaniuliza kwa Kimeru.

“Sijala, Mama.”

Akacheka. Mimi nilijua harufu ile imetoka wapi. Wiki hiyo maabarani nilikuwa nikiyeyusha madini ya bismathi na teluri ndani ya mrija wa kioo, nao ukapasuka tanurini. Moshi mweupe ukanipiga usoni kabla sijakimbia. Teluri ikiingia mwilini hutoka kwa pumzi, na hunuka kitunguu saumu.

Madini hayo mawili yakiungana hutoa fuwele ya ajabu. Ipashe moto upande mmoja, mwingine uwe baridi, itazalisha umeme. Tena ndani yake umeme haupiti kwa urahisi, ilhali kwenye ngozi yake ya juu unateleza tu. Tabia zote mbili zinatokana na atomi zake nzito: zinachelewesha joto lisivuke upesi, na zinavuruga mpangilio wa elektroni mpaka ngozi inakuwa njia ya umeme. Swali langu la utafiti lilikuwa kama ngozi hiyo inaongeza umeme unaotokana na joto. Nililipenda sana swali hilo. Siku hiyo nililichukia.

Mama alimpakata mtoto, akamnusa mdomo. Kicheko kikaisha.

“Na huyu pia.”

Nilikuwa namnyonyesha. Nikamfunga mtoto kwa leso upesi, tukatoka. Jirani alituchukua kwa pikapu yake ya viazi hadi hospitali mjini Meru. Daktari, mama wa makamo, hakuwahi kukutana na teluri. Alituacha kwenye benchi, akaenda kusoma na kupiga simu. Nilikaa nikitazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka, nikiogopa hata kupepesa macho.

Aliporudi alisema, “Usimnyonyeshe kwa sasa. Sioni madhara mengine, lakini mtarudi niwapime tena.”

Harufu ilimtoka mtoto kwanza. Mimi ilinikaa miezi, na kila asubuhi nilipulizia kiganja nikanusa. Ilipoisha, maziwa yalikuwa yamekauka. Binti yangu ni mzima, anakimbiza kuku wa Mama.

Nilirudi maabarani, nikamaliza utafiti. Lakini hadi leo, tanuri likiwaka, mimi husimama karibu na mlango.