Ulikula kwa Nani Bombei?

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Ndiyo siku niliyosimama mbele ya majirani zangu wa Gatina, pale Kawangware, nikiwa na koti la kuazima, nikawaambia kwamba mimi ni mwongo. Lakini nikianzia hapo nitakuchanganya bure. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana umenijia na orodha yako ya miji unayotaka kwenda kula, ukaniuliza mimi babu yako ningechagua upi. Swali zuri. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na orodha kama hiyo, tena ndefu kuliko yako, na nusura inikoseshe mke.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya sitini. Nilikuwa nimetoka kwetu Machakos nikapata kazi Embakasi, katika jiko lililopika chakula cha abiria wa ndege. Usidhani nilikuwa mpishi. Nilikata vitunguu. Asubuhi vitunguu, mchana vitunguu, na nikimaliza napanga sahani kwenye trei. Kuonja kulikatazwa kabisa, na msimamizi wetu alikuwa hodari wa kunusa midomo ya watu. Basi vyakula vya dunia nzima vilipita mbele ya macho yangu, wala havikupita kooni. Jioni narudi chumbani kwangu kusonga ugali.

Kila safari ilikuwa na kadi yake, karatasi ngumu ya kupendeza, imeandikwa jina la mji na vyakula vya siku hiyo. Zilizochapwa vibaya zilitupwa, mimi nikaziokota. Siku hizo watu walipamba kuta za vyumba vya udongo kwa magazeti, wakiyabandika kwa uji wa unga. Mimi nikabandika kadi. Roma hapa, Bombei pale, Parisi juu ya kitanda, Kairo nyuma ya mlango. Nililala nikitazama majina hayo kama wengine walivyolala wakisali.

Siku moja mwenye ploti ya vyumba tulivyopanga, Mama Wanjiru, mama wa Kikuyu aliyependa kila kitu kiwe sawa, aliingia kuangalia paa lililokuwa likivuja. Alipoona ukuta akasahau paa.

"Kyalo! Hizi nchi zote umefika?"

Mwanangu, jibu la kweli lilikuwa fupi, na la uongo lilikuwa fupi vilevile. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani, nilikuta benchi limewekwa nje ya mlango wangu na majirani wamekaa wakisubiri. Wakaniuliza Roma wanakula nini. Nikawaeleza zile nyuzi za ngano zinazozungushwa kwenye uma. Nikawapa Bombei na wali wake wa rangi ya dhahabu, nikawapa Kairo na maharagwe yake yaliyolala jikoni usiku kucha. Siku ya Parisi ndiyo iliyonimaliza, maana nilipotaja konokono kina mama waliruka kwenye benchi.

"Woi! Konokono? Wanamla na nyumba yake?"

"Nyumba wanaiacha," nikasema kwa upole wa mtu aliyeona mengi. "Wanamla yeye mwenyewe."

Kati ya waliocheka siku hiyo alikuwemo msichana aliyekuja kumtembelea shangazi yake, amekaa juu ya debe lililopinduliwa. Alicheka mpaka akashika mbavu, nami papo hapo nikashikwa moyo. Jina lake Mueni. Ndiye bibi yako, na kicheko ni kile kile. Kwao kulikuwa Kibera, na kuanzia siku hiyo akawa hakosi Jumapili. Jumatatu anampelekea baba yake hadithi zangu zote. Miezi ikapita, nikamwambia nataka kumwoa, naye akamwambia baba yake. Jibu likaja: njoo Jumamosi, ulete mchele na viungo, utupikie ule wali wa Bombei.

"Amefurahi sana," Mueni akaniambia, macho yanang'aa. "Si alikuwa mpishi wa askari wakati wa ile vita ya Wazungu? Alikaa Bombei karibu mwaka mzima. Anasema tangu arudi hajapata mtu wa kuongea naye mambo ya huko."

Nilitabasamu, nikasema nitakuja.

Ningeweza kusema ukweli siku hiyo. Badala yake nilikwenda Kibera na mfuko wa mchele. Kadi yangu ilitaja iliki, karafuu na zafarani, lakini haikusema kiasi gani wala lini. Karafuu nikazitia konzi nzima. Wali ukaungua chini, juu ukabaki mbichi. Mzee Ndolo, baba yake Mueni, alikuwa seremala mrefu, mpole, asiye na haraka. Alitia tonge mdomoni, akatafuna, akatafuna tena. Akatoa karafuu moja akaiweka kando ya sahani. Akatoa ya pili. Zilipofika kama saba hivi, mama yake Mueni aliinuka akaleta muthokoi, ule wetu wa mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, umepikwa na maharagwe.

"Kula, kijana," mzee akasema. "Mtu haulizwi maswali akiwa na njaa."

Nilikula, na ulikuwa mtamu hata kwa mtu mwenye hofu. Nilipomaliza akaniuliza, "Huko Bombei ulikula kwa nani?"

"Hotelini, mzee."

"Nani alikuandalia?"

"Mhudumu."

"Mtu wa namna gani? Mzee? Kijana? Alikwambia nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia juu ya kile kiti.

Mzee Ndolo hakupandisha sauti. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Mimi huko nilishikwa na homa. Kulikuwa na dobi aliyefua nguo za kambi yetu, akanichukua kwao. Mama yake hakujua Kiswahili, mimi sikujua lugha yao. Akanitilia wali, nikamaliza, akaongeza. Nikafunika sahani kwa mkono, akausukuma mkono wangu, akatia tena. Ladha ya ule wali nimeisahau, Kyalo. Yule mama sijamsahau mpaka leo. Sasa hadithi zako ni tamu kweli, binti yangu ananiletea. Lakini zina vyakula tu, hazina mtu hata mmoja. Nikajisemea, huyu hajafika popote."

"Ni kweli, mzee. Mimi nakata vitunguu."

"Na mimi nilianza na vitunguu. Hiyo si aibu. Lakini siwezi kumwoza binti yangu kwa mtu asiyekuwepo. Hao watu wako wa Jumapili, waambie. Ukishindwa, hapa usirudi."

Nilimtazama Mueni. Alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono.

"Hata Parisi hukufika?" akauliza.

"Sikufika."

Akanigeuzia mgongo. Nilitembea kutoka Kibera mpaka Kawangware nikiwa na uhakika kwamba nimempoteza.

Basi ndiyo hiyo Jumapili. Watu walikuwa wamekaa, wengine wamesimama, na nyuma kabisa niliona kofia ya Mzee Ndolo, na Mueni kando yake. Nilisema yote kwa pumzi moja: kadi, vitunguu, uongo. Kisha Mama Wanjiru akaangua kicheko.

"Kyalo, si sisi tunajua kitambo! Wewe unatoka hapa alfajiri kila siku, jioni unarudi ukinuka vitunguu. Hiyo Roma ulikuwa unaenda saa ngapi?"

Ploti nzima ikalipuka. Kumbe debe tupu lilikuwa linatika, na wenyewe wanalicheza! Mmoja tu hakucheka, fundi cherehani wa chumba cha mwisho. Yeye aliniamini, akawa anawahimiza watoto wake wasome ili waende Roma kama Kyalo. Hakunisalimia kwa mwezi mzima, na alikuwa na haki. Kicheko cha wengi hakikufuta machozi ya huyo mmoja, na nilimwomba msamaha peke yake, nyumbani kwake, mbele ya watoto wake.

Lakini siku ile kina mama walileta vyakula. Huyu githeri, yule mukimo, jirani wa Kakamega kuku na ugali wa wimbi. Nikiwa katikati ya kula, Mueni akaja akasimama mbele yangu.

"Siku chumvi ikizidi kwenye chakula changu," akasema, "utaniambia imezidi. Umeskia?"

"Nimesikia."

"Basi nenda uongee na baba."

Nilifurahi, mwanangu, nikasahau hata kunawa mikono.

Baadaye Mungu alinijalia, nikawa mpishi kamili, na kazi ikanipeleka huko kweli. Kairo, muuza maharagwe mmoja mwenye kigugumizi alinikatalia nisiondoke mpaka nimalize mkate. Roma, mjane aitwaye Rosa alinigombeza kwa kukata zile nyuzi kwa kisu. Bombei, nililala kwa mpishi mwenzangu, na watoto wake walishindana kunikalia mapajani wakati wa chakula. Ukiniuliza mji upi mtamu, nitakupa majina ya hao kabla ya majina ya vyakula. Na konokono nimewala. Usinifanye niseme zaidi.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kutembea ni kuona, basi nenda. Usisifu sahani ambayo hukuila, wala usiione aibu kazi inayokulisha leo. Ukifika ugenini, kabla ya kuuliza chakula kinaitwaje, muulize jina anayekupakulia, na umwambie lako. Mahali ambapo hukumjua mtu, umepita tu. Na ukisema uongo, rudi kwa wale wale uliowadanganya, umtafute hasa yule asiyecheka.

Haya, mwanangu. Mungu akufungulie barabara na akulinde kwenda na kurudi. Tumbo lako lisikusumbue ugenini, mdomo wako usikuaibishe. Na popote utakapokaa kula, asikose mtu wa kukuambia: ongeza, bado hujashiba.