Uyoga wa Mahame ya Nafula

Utotoni mwangu kule Naitiri, uyoga haukuokotwa ovyo. Mvua za Aprili zilipoanza, bibi yetu, tuliyemwita Kukhu, alitupa masharti kabla hatujatoka na vikapu: usiuhesabu, usiunyooshee kidole, usimwite mwenzako kwa sauti. Uyoga ukisikia jina la mtu, alisema, unarudi chini. Zamani wanawake wa Kibukusu hawakuruhusiwa kula kuku, kwa hiyo uyoga ndio uliokuwa nyama yao, na Kukhu aliuheshimu hivyo.

Sharti la mwisho lilikuwa zito kuliko yote. Nyuma ya shamba letu la mahindi palikuwa na mahame, mahali ilipokuwa nyumba ya mwanamke aliyeitwa Nafula. Nafula huyo alifariki wakati baba yangu alipokuwa bado mtoto. Nyumba ilikwisha kuanguka, likabaki tuta la udongo na mawe matatu ya jiko.

"Pale msiokote hata moja," Kukhu alituambia. "Hiyo iko na mwenyewe. Ukikula, atakuja kuuliza yake."

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alifundisha shule moja Kitale, akatuacha kwa Kukhu mimi na mdogo wangu Nekesa, wa miaka sita. Jumamosi moja nilizunguka asubuhi nzima bila kupata kitu. Wasichana wa jirani walipita na vikapu vimejaa, wakanicheka. Nikakata njia kupitia mahame, na pale, katikati ya yale mawe matatu, uyoga ulikuwa umeota mweupe, mnene, umebanana hadi hakuna pa kupitisha kidole. Niliangalia nyuma. Kisha nikajaza kikapu.

"Umetoa wapi?" Kukhu aliuliza.

"Kwa kichuguu cha karibu na mto."

Alinitazama kidogo, halafu akafurahi. Alianika nusu kwenye ungo. Nusu nyingine aliichemsha polepole na munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe tuliyotumia kulainisha mboga, akakorogea njugu zilizosagwa. Tulikula na ugali wa wimbi, na Kukhu akalamba vidole. Nekesa peke yake hakugusa. Hakuwahi kupenda uyoga. Alisema unateleza mdomoni kama konokono. Yeye alikula ugali kwa maziwa.

Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwa sababu aliyeugua ni Nekesa.

Jumatatu alishindwa kwenda shule. Mwili ulikuwa moto wa kutisha. Baba mdogo alimpeleka zahanati kwa baiskeli, wakampima malaria wasiione, wakampa dawa ya homa. Jumatano akaanza kuomba chakula. Alipewa uji akamaliza, akaomba tena. Akapewa ndizi, viazi, mayai. Alikula machozi yakimtoka, na bado alikuwa akikonda tukimwona. Mchana wa Alhamisi, Kukhu akimpangusa uso, Nekesa alimshika mkono na kusema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mzima aliyechoka:

"Si ulisema ningoje? Nimengoja."

Kitambaa kilimponyoka Kukhu. Alinigeukia mimi.

"Nasimiyu, ile uyoga ulitoa wapi?"

Nilitaka kusema mtoni.

"Kwa Nafula," nikasema.

Nilingoja kiboko, lakini hakunigusa. Alichukua uyoga ule aliouanika, akaupika kwa uangalifu kama anayepikia wageni wa mahari, akapakua sahani nzima pamoja na ugali, akaniambia nimfuate. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Pale mahameni alipiga magoti, yeye ambaye goti lake bovu lilimfanya akae hata wakati wa maombi kanisani, akaweka sahani kati ya yale mawe.

"Nafula, dada yangu," alisema. "Ile siku uliomba uyoga, nikakuambia ungoje watoto wangu washibe. Haikubaki. Nilijua haitabaki. Nilijua pia wewe ni mgonjwa. Hii ni yako yote. Achilia mtoto."

Alikaa pale hadi kitambaa chake cha kichwa kikalowa. Tukirudi ndipo aliponiambia, bila kunitazama, "Alikuwa mke mwenzangu. Mzee alimpenda kunishinda. Nafula hakumaliza hiyo wiki niliyomnyima."

Jioni ile Nekesa alilala bila kuomba kitu. Asubuhi homa ilikuwa imeisha, akauliza daftari lake liko wapi.

Leo mimi naishi Kitale, Nekesa anafanya kazi Kibabii. Baada ya kumzika Kukhu nilimwuliza anakumbuka nini cha siku zile.

"Njaa tu," alisema. "Lakini haikuwa njaa ya kawaida, dada. Nilikuwa nakula, na chakula hakifiki kwangu."

Sikumwambia habari za Nafula. Najua homa humfanya mtoto aseme lolote, na huenda alikuwa ameokota maneno ya watu wazima. Ila Kukhu alikuwa hajamwambia mtu yeyote yale maneno. Aliniapia hivyo akiwa mgonjwa kitandani, na sikuwa na sababu ya kumshuku.

Jambo ninalorudi kulifikiria ni lingine. Miaka yote ile Kukhu alipita kando ya mawe yale akienda kuchota maji, na hakuthubutu kumpelekea Nafula hata kijiko, mpaka mjukuu wake alipokaribia kufa. Na mimi nilishikilia uongo wangu siku nne nzima huku mdogo wangu akiungua chumba cha pili. Sote wawili tulijua la kufanya, tukasubiri kulazimishwa.

Siku hizi mtu akibisha mlangoni kwangu wakati napika, huwa nimeshapakua kabla sijauliza ni nani.